Upimaji wa EARC kwa mtoto anayesumbuka na kusoma: maoni yangu

Wazazi wenye mtoto yuko gredi ya tano na bado kusoma ni vita, hii ni yenu. EARC ni vile vituo vya serikali vya kupima watoto wenye mahitaji maalum, viko hapa Kenya tangu 1984, lakini watu wengi wanadhani ni vya wasioona na wasiosikia peke yake. Hapana, hata mtoto kama kijana wangu, anayepiga hesabu ya chenji dukani kwa kichwa bila shida halafu akipewa kitabu anakwama, wanampima.

Walianza na macho na masikio, vizuri sana, maana unaweza kugombeza mtoto mwaka mzima kumbe ubao haoni. Halafu nikaulizwa mimi: alizaliwaje, alianza kuongea lini, kuna mtu kwa familia aliyesumbuka na kusoma. Yuko, baba yake mdogo, na hakuna siku tuliwahi kuwaza hayo mawili yana uhusiano.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba mwalimu mpimaji alimpa asome kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kiswahili unakisoma vile kimeandikwa, kwa hiyo mtoto wa disleksia, yaani ile shida ya kusoma isiyo ya ujinga wala uvivu, anaweza kutoa maneno sawa kabisa ila polepole mno, ki-ta-bu, ki-me-a-ngu-ka, akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka. Waalimu wengi hapo husema huyu anajua kusoma ni uvivu tu. Kisha kijana wangu akapewa maneno ya kubuni, "tapuke", "nolifa", yasiyo na maana yoyote, hapo kukariri hakusaidii, lazima uunganishe sauti mwenyewe. Kwa "nolifa" alikaa, kidole juu ya karatasi, na yule mwalimu hakumharakisha hata kidogo. Baadaye akasomewa hadithi na akajibu maswali yote, hata yale ya kufikiria! Mtoto aliyeitwa mjinga miaka yote hiyo jamani, nililia.

Sasa mabaya. Foleni ni ndefu, wapimaji ni wachache, na ripoti ilichelewa. Kubwa kuliko yote ni ufuatiliaji, haupo. Nilipeleka ripoti shuleni ikatiwa kwa faili na mtoto akaendelea kusimamishwa asome mbele ya wenzake, mpaka nilipoenda kukaa na mwalimu wa darasa tukaisoma pamoja, mstari kwa mstari. Kwa hivyo kabla hujatoka kituoni omba waandike wazi shule ifanye nini: aulizwe maswali kwa mdomo, aongezewe muda, asilazimishwe kusoma kwa sauti darasani, apate mazoezi mafupi ya sauti na herufi kila siku. Na usingoje mwaka wa mtihani, muda wa ziada wa KNEC, lile baraza la mitihani ya taifa, unaombwa mapema na shule, na ripoti inahitajika.

Kuna watu pia wanauza miwani ya rangi ati inatibu disleksia. Msinunue, shida haiko machoni, iko kwa vile ubongo unashughulikia sauti za maneno, na kinachosaidia ni kufundishwa sauti hatua kwa hatua na kwa kurudiarudia.

Upimaji nawapa 5 kwa 5, ufuatiliaji 2. Mkiwa Nairobi hata KISE, ile taasisi ya serikali ya elimu maalum pale Kasarani, wanapima, ulizieni kwanza ratiba na ada, na mbebe madaftari ya mtoto ya zamani, wanayaangalia sana.