Hilux ya 1992 na injini ya D-4D: uzoefu wangu kati ya Bukavu na uwanda wa Ruzizi

Uamuzi wa kubadilisha injini ya pikapu yangu niliufanyia kwenye mlima wa Ngomo, nikiwa nimesimama kwenye matope kando ya bido (madumu) 20 za mawese.

Anayepita njia ya Bukavu kwenda Uvira anaijua Ngomo: ukuta wa mlima upande mmoja, korongo upande wa pili, barabara ya udongo katikati. Mimi nanunua mawese Luvungi na Sange, nayaleta sokoni Kadutu, mjini Bukavu. Bido 50 za lita 20 zinakaribia tani moja. Hilux yangu, LN106 ya mwaka 1992 yenye injini ya kiwandani ya 3L, ilikuwa inapanda hapo kwa gia ya kwanza ya mlimani, moshi mweusi nyuma, malori yanapiga honi. Siku hiyo, Februari 2021, ilikataa. Tukashusha bido 20, gari likapanda na 30, dereva wangu akarudi kuzichukua zilizobaki. Mvua ilikuwa inanyesha muda wote huo.

Watu waliniambia injini imekufa. Haikuwa imekufa. 3L ni injini ya lita 2.8, haina turbo (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi), na hata ilipokuwa mpya nguvu zake zilikuwa kama farasi 90 tu. Sisi tunaishi juu: Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na barabara inapita juu zaidi ya hapo. Kwenye kimo hicho hewa ni pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko pwani. Injini isiyo na turbo inavuta hewa hiyo hafifu, mazuti (dizeli) yanamwagwa kiasi kile kile, na yasiyoungua ndiyo moshi ule unaouona. Umri ukaongeza yake.

Kuuza sikutaka. Chesisi haina kutu, springi ni za majani mbele na nyuma, ekseli ya mbele ni gogo moja. Pikapu za siku hizi zinazobeba mzigo kama huo kwenye barabara kama ile bila kulalamika ni chache, na bei zake siziwezi. Kwa hiyo nikaamua kubadilisha moyo, mwili ubaki.

Fundi wangu alinipa njia tatu. Ya kwanza 5L, lita 3.0, ndugu wa 3L, inakaa palepale pa zamani bila kuchomelea kitu, pampu yake haihitaji kompyuta. Ya pili 1KZ-TE, lita 3.0 yenye turbo na umeme kidogo. Ya tatu 1KD-FTV, ile ambayo watu wanaiita D-4D, iliyo kwenye Hilux Vigo na Prado ambazo mashirika yameleta kwa wingi hapa Kivu. Nilichukua ya tatu. Sababu yangu ilikuwa moja: filta zake, mikanda yake na mafundi walioizoea vinapatikana Bukavu kila siku. Nguvu zake, zaidi ya farasi 160, zilikuja kama zawadi juu yake. Lakini niseme mapema: ukiwa unafanya kazi Shabunda au ndani ya Mwenga, mahali ambapo mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari yuko mbali siku mbili, chukua 5L. Itapanda polepole, lakini itapanda, na ikigoma utaitengeneza kwa spana.

Injini ilitoka Kampala pamoja na giaboksi, ikafika Goma, ikavuka ziwa kwa boti. Nilikwenda bandarini mwenyewe kuipokea. Ilikuwa safi, imepigwa maji ya presha, inang'aa. Kumbe hapo ndipo nilipouziwa mbuzi kwenye gunia. Nilikuwa nimekubaliana na muuzaji: injini, giaboksi, waya zote, kompyuta, pedali ya mafuta, ufunguo. Waya zilikuwa zimekatwa kwa kisu, karibu na pale zinapoingia ndani ya gari. Pedali ilikuwepo. Ufunguo haukuwepo. Nilipompigia, akaniambia ufunguo ni wa gari, si wa injini.

Si kweli, na kila anayetaka kufanya kazi hii aelewe hapa. Kompyuta ya injini hizi, ile mafundi wetu wanaiita kalikilateri, inaujua ufunguo wake. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu ndogo. Kompyuta isipoiona, haitoi ruhusa ya kupuliza mazuti. Siku tuliyomaliza kufunga kila kitu, starta ilizungusha injini vizuri kabisa, grr grr grr, haikuwaka. Tulitoa hewa kwenye mabomba, tukabadilisha betri, tukapima presha. Jioni ya siku ya tatu fundi akafuta mikono akaniambia, "Mama, motere iko muzima. Ni ufunguo ndiyo inakatala." Kompyuta ikafunguliwa, ikatumwa Goma kwa kijana anayejua kufuta ile alama ndani ya kumbukumbu yake. Ilirudi baada ya siku sita. Injini ikashika mara ya kwanza, na watoto wa gereji wakapiga makofi. Nami nilipiga.

Waya zilizokatwa zilichukua muda kuliko injini yenyewe. Fundi wa umeme alikaa siku tano akiunganisha moja moja kwa kuchomelea risasi, kila kiungo akikivisha mpira wa kubana kwa joto. Nilimkataza kusokota waya na kufunga selotepu, na namshukuru kwamba hakukasirika. Kwenye barabara inayotikisika kama yetu, waya wa kusokotwa unaachia baada ya wiki mbili, na injini ya kompyuta ikipoteza ishara moja tu ya sensa inazima au inapunguza nguvu yenyewe. Hadi leo hakuna kiungo chake kilichoachia.

Boneti ilinichoma moyo. Kwenye Vigo intakula, kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, imelala juu ya injini, inapata upepo kupitia tundu la boneti. Boneti ya 1992 haina tundu. Nilisimama nikiangalia msumeno ukiingia kwenye bati ambalo halijawahi kuguswa tangu lilipotoka kiwandani, lenye rangi yake ya kwanza. Fundi wa bati alilifanyia kazi safi, kingo amezikunja ndani na kuzipaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kitu kingine chochote.

Kardani ya nyuma, ule mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli, ilibidi ikatwe, iungwe upya na kusawazishwa, kwa sababu giaboksi mpya ina urefu mwingine. Breki zilinitisha siku ya kwanza: pedali ngumu kama jiwe. 3L ina pampu ya vakyumu, ile inayolainisha breki, mgongoni mwa altaneta, 1KD ina ya kwake mahali pengine, na mpira uliounganishwa ulikuwa unavuja hewa. Tuliubadilisha. Pia niliweka diski na pedi mpya mbele na kutengeneza ngoma za nyuma, maana gari lililoongezwa nguvu kiasi hicho likibaki na breki za zamani ni hatari kwa aliyemo na kwa anayepita.

Safari ya kwanza yenye mzigo ilikuwa Aprili. Tulipanda Ngomo kwa gia ya tatu. Sijui niielezeje furaha ile. Dereva wangu alikuwa ananiangalia kila baada ya kona kama mtu anayetaka uthibitisho. Halafu karibu na juu geji ya joto ikaanza kupanda, ikapita nusu, ikakaribia nyekundu. Tukasimama, tukaacha injini inguruma taratibu mpaka ikashuka.

Nilidhani radiateri. Nikatengenezesha mpya ya shaba, safu tatu, dola 180, na joto likapungua kidogo tu. Kosa lilikuwa kitu cha plastiki ambacho gereji ilikiacha kwa sababu hakikukaa vizuri: lile bomba pana linalozunguka feni. Bila hilo, feni inavuta hewa ya pembeni, ile iliyokwisha kupata moto, badala ya kuivuta kupitia radiateri. Kwenye tambarare hutaligundua, kwa sababu mwendo wa gari unasukuma upepo. Mlimani, gari likienda polepole na mzigo, feni ndiyo kila kitu. Fundi wa bati akalitengeneza la bati jembamba, nafasi ya vidole viwili kati yake na mabawa ya feni. Tangu siku hiyo geji haijawahi kuvuka nusu. Gereji ilikubali kosa na haikunitoza hata franka moja kwa kazi hiyo, na ndiyo sababu naendelea kuwapelekea gari.

Sasa mazuti. 3L ilikuwa inakunywa chochote. Nilikuwa nanunua kwa wale vijana wa bido barabarani, wale tunaowaita Kadhafi, na injini haikunung'unika. D-4D haina uvumilivu huo. Pampu yake inasukuma mazuti kwa presha ya zaidi ya baa 1,300 kupitia matundu membamba sana, na tone la maji au vumbi linaikwaruza enjekteri ambayo bei yake inaweza kumaliza faida ya miezi miwili. Nimefunga kitenganisha maji cha pili kabla ya filta ya kiwandani, chenye kikombe cha kioo chini. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, dereva anafungua kibomba chake na kumwaga kidogo kwenye chupa nyeupe. Siku nyingi ni safi. Siku moja mwezi wa Novemba, baada ya kujaza Kamanyola, chini ya chupa yalikaa maji kama kidole kimoja, yanatetemeka kama yai bichi. Maji yale yangeingia kwenye pampu. Kitenganisha kile nilikinunua dola 65, na ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote katika kazi hii.

Gharama nzima ilikuwa hivi: injini, giaboksi na kompyuta dola 3,100, kufuta alama ya ufunguo 150, kazi ya gereji 600, radiateri 180, kardani 120, breki 240, kitenganisha 65, mkanda wa taimingi, betri, mipira na oili 330. Jumla dola 4,785. Nilikuwa nimepanga 3,500. Mkanda wa taimingi usiuache hata ukiambiwa ni mpya: hujui injini imetembea wapi, na ukikatika valvu zinagongana na pistoni.

Spidometa haifanyi kazi mpaka leo. Ya zamani inazungushwa na waya kutoka kwenye giaboksi, giaboksi mpya inatoa ishara ya umeme, na sikutaka kuibomoa dashibodi. Dereva anaandika safari kwenye daftari. Kufikia mwisho wa 2023 zilikuwa 212, kwenda na kurudi. Zamani safari moja ilikuwa inakula lita 36, sasa lita 30, na tunarudi Kadutu kabla ya giza.

Kuna ugonjwa mmoja wa injini hizi za miaka ya mwanzo ambao nilikuwa nimesomewa na fundi, nikaufuatilia. Chini ya kila enjekteri kuna kijipete cha shaba, chembamba kama ukucha. Kikichoka, gesi ya mwako inapenya, masizi yanaingia kwenye oili, oili inakuwa kama lami na kuziba chujio lililo ndani ya karteri, lile bakuli la oili chini ya injini. Injini inakosa oili, inakwama. Kwenye safari ya 140 nilisikia sauti kama ya mtu anayepumua kwa pua iliyoziba, tss tss, injini ikiwa baridi. Sikusubiri. Fundi alizitoa enjekteri zote nne, akavipanga vijipete kwenye kitambaa cheupe juu ya benchi. Vitatu vilikuwa vinang'aa. Cha nne kilikuwa cheusi upande mmoja, na mstari wa masizi unapanda kutoka kwake kama njia ya siafu. Tukaishusha karteri: chujio lilikuwa limeanza kushika, robo yake hivi. Tukalisafisha, tukaweka vijipete vipya vinne, oili mpya. Sasa nabadilisha oili kila baada ya safari 20, na enjekteri nazifungua kila mwaka mwanzo wa kiangazi, mzigo unapokuwa mdogo.

Risiti ya injini na karatasi za forodha ninazo ndani ya gari, pamoja na karte rozi, kadi ya usajili wa gari. Ufunguo wangu ni ule ule wa 1992, uliochongwa kwa chuma kitupu, bila chipu.