Tovuti ya Colonial Film na kazi ya mtafiti wa Afrika Mashariki

Anayetafiti historia ya sinema katika Afrika Mashariki ya wakati wa ukoloni hukumbana mapema na ukweli mmoja mgumu, kwamba sehemu kubwa ya filamu zenyewe imehifadhiwa Uingereza. Tovuti ya Colonial Film, iliyozinduliwa mwaka 2010 na watafiti wa Birkbeck na University College London wakishirikiana na British Film Institute, Imperial War Museum na British Empire and Commonwealth Museum ya Bristol, ilianzishwa ili kuziorodhesha filamu hizo mahali pamoja. Orodha yake ina filamu zaidi ya 6,000, na kuisoma hakuhitaji malipo.

Mgeni anayeingia kwa matumaini ya kutazama filamu zote hizo atavunjika moyo, kwa kuwa zilizowekwa humo ili zitazamwe ni 150 na ushei tu. Kwa maoni yangu, thamani ya tovuti hii imo katika maandishi yake. Filamu zaidi ya 350 zimeandikiwa insha zenye sehemu mbili: muktadha, unaoeleza filamu ilitengenezwa na nani, kwa fedha za nani na kwa ajili ya nani, na uchambuzi, unaozisoma picha zenyewe.

Ubora wa insha hizo unaonekana wazi zinapogusa jaribio la Bantu Educational Kinema Experiment, lililofanyika Vugiri, katika milima ya Usambara, kati ya 1935 na 1937, kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani. L. A. Notcutt na wenzake walitengeneza filamu 35 kuhusu kilimo, afya, kodi na mambo mengine ambayo watawala na wamisionari waliona yanafaa kufundishwa, wakazizungusha kwa gari la sinema Tanganyika na nchi za jirani, huku maelezo ya Kiswahili na ya lugha nyingine yakisikika kutoka kwenye santuri. Filamu zilizosalia ni chache mno. Kwa hiyo insha ya filamu kama Tropical Hookworm, inayohusu minyoo ya safura, inamfungulia mtafiti njia ya kulielewa jaribio zima, hata sehemu ambazo picha zake zimepotea.

Vivyo hivyo kwa Colonial Film Unit, kitengo cha serikali ya Uingereza cha kutengeneza filamu za kuonyeshwa makoloni, iliyoanzishwa mwaka 1939 chini ya William Sellers. Bwana huyo alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika asiyeizoea sinema hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, hivyo filamu ziende polepole na kamera itulie. Msomaji anayezifuatilia insha kwa mpangilio wa miaka ataona jinsi dhana hiyo, ambayo haikuwa na msingi wowote wa maana, ilivyogeuka kuwa kanuni ya kazi na kuamua hata urefu wa picha moja moja.

Kasoro kubwa ni sauti ya upande wa pili. Mihtasari mingi inamtaja afisa, shirika na mpiga picha, lakini wanakijiji wanaoonekana mbele ya kamera hawana majina, na waliozitazama filamu wanasikika kupitia ripoti za watawala. Hapo tovuti haitoshi hata kidogo. Mwenye kutaka kujua, kwa mfano, jinsi Watanganyika walivyozipokea filamu za Kiswahili za miaka ya 1950 kama Muhogo Mchungu, aliyoigiza Rashidi Kawawa kabla ya kuwa kiongozi wa taifa, itambidi apekue majalada ya Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, asome magazeti ya wakati huo na kuwahoji wazee waliobaki. Lugha nayo ni kikwazo: maandishi yote ni ya Kiingereza, hata pale filamu yenyewe inapozungumza Kiswahili.

Kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza ningeipendekeza bila kusita. Wa uzamivu aitumie kama ramani, kisha aombe filamu kwa taasisi inayoitunza, akikumbuka kwamba makumbusho ya Bristol yanayotajwa humo yalikwisha fungwa na mkusanyo wake sasa uko Bristol Archives, ndiko barua yake inakopaswa kwenda.