Geji za Ziada kwa Altezza, Celica na Impreza za Zamani: Kipi cha Kununua Kwanza Ukiwa Mwanza

Mshale wa joto uliokuja na gari haukuambii mengi. Kwenye magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 umetengenezwa utulie katikati hata maji yakitoka nyuzi 80 kwenda karibu 100, halafu unaruka ghafla gari likiwa limeshachemsha. Taa ya oili ndiyo mbaya zaidi: kwenye Toyota nyingi inawaka presha ikishuka hadi kama baa 0.3 (baa ni kipimo cha presha), na kwa mwendo wa barabarani hapo beringi zimeshaanza kulika.

Geji mbili zinatosha: joto la maji na presha ya oili. Pesa ikibaki, ongeza ya volti. Geji ya turbo kwenye Altezza ni pambo tu, maana gari hilo halikutoka kiwandani na turbo.

Kabla ya kununua chochote, fungua dashibodi uliyonayo. Mshale unaoamka ukipiga dashibodi kwa kiganja mara nyingi ni lehemu iliyopasuka nyuma ya sakiti, na fundi mzuri wa redio anaichomea upya. Giza la usiku mara nyingi ni balbu ndogo zilizoungua. Hiyo ni kazi ya bei ndogo kuliko geji yoyote iliyotajwa hapa chini.

Nafasi ya kwanza: geji za umeme za milimita 52, kila moja na sensa yake

Hapa ndipo pesa iende. Defi na VDO ni majina ya kuaminika, lakini kinachonunuliwa hasa ni sensa. Muuzaji asiyeweza kukuuzia sensa peke yake, achana naye. Sensa ndiyo itakayokufa kwanza, na kuisubiri iagizwe Dar ije na basi ni bora kuliko kutupa geji nzima.

Sensa na geji lazima zizungumze lugha moja ya ohm, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme. Sensa ya presha ya VDO huanza na ohm 10 bila presha na kupanda hadi kama 180. Zile za mfumo wa Kimarekani huanza na 240 na kushuka hadi 33. Ukizichanganya, geji inaonyesha presha ya juu kabisa injini ikiwa imezimwa. Pima kwa multimita dukani kabla ya kulipa.

Kosa la pili ni tredi. Tundu la presha ya oili kwenye injini za Toyota na Subaru ni PT 1/8 (kipimo cha Kijapani), tredi 28 kwa inchi. Sensa nyingi za kuagiza ni NPT 1/8 (cha Kimarekani), tredi 27. Kwa macho ni kitu kimoja. Inaingia mizunguko michache, inakaza, fundi anaongeza nguvu, na mwisho ni kuvuja au kupasua blok. Nunua adapta. Tepu ya tefloni iwe kidogo, kwa sababu sensa ya waya mmoja inapata hasi kupitia tredi hizo hizo.

Ukitaka taa ya oili ya kiwandani ibaki (na ibaki), utahitaji kiungo cha T. Usiitundike sensa juu yake: ni nzito, injini inatikisika, shaba inakatika, oili yote inamwagika barabarani. Funga sensa kwenye bodi, iunganishe na injini kwa mpira wa presha wenye wavu wa chuma, kisha ivutie waya wake wa hasi.

Sensa ya maji ikae kwenye silinda hedi pakipatikana tundu. Adapta ya kukata mpira wa juu wa rejeta ni rahisi kufunga, lakini maji yakipungua sensa inabaki hewani na kusoma chini wakati injini inaungua.

Nyaya kwa kawaida ni nne: betri, swichi, taa na hasi. Weka fyuzi ndogo. Fundi akisema haihitajiki, mwache.

Nafasi ya pili: geji za mekanika

Hazitaki umeme na zinasoma vizuri. Tatizo ni bomba lenye oili ya moto linaloingia hadi karibu na magoti yako. Likichubuliwa na ukingo wa bati, utaungua. Zinafaa gari la mazoezi kuliko la kila siku.

Nafasi ya tatu: kifaa cha OBD2 (kinachosoma kompyuta ya gari) na simu

Rahisi na nafuu, ila magari ya soko la Japani ya kipindi hicho mara nyingi yana soketi ya pini 16 isiyojibu kitu. Jaribu cha kuazima kwanza. Hata kikijibu, kwa kawaida hakikupi presha ya oili.

Mwisho kabisa: seti ya geji tatu za bei ya chini zisizo na jina

Zinang'aa vizuri. Ukikosa karatasi ya ohm za sensa, ziache dukani.

Kupima ukiwa kandokando ya ziwa

Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji ya wazi huchemka kama nyuzi 96. Ukichovya sensa kwenye sufuria inayochemka na geji ikasoma 96, ni nzima, usirudishe dukani. Kwa sababu hiyo hiyo, badilisha mfuniko wa rejeta uliochoka siku hiyo hiyo unayofunga geji: bila presha maji yatachemka kwenye mlima wa Bugando huku geji ikikuonyesha namba unayodhani ni salama.

Kwenye Subaru ya turbo, usishtuke geji ya turbo ikionyesha mvuto (vakyumu) mdogo injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Pwani ungetegemea kama baa 0.6 hadi 0.7, hapa 0.5 na kidogo ni kawaida. Presha ya oili yenyewe haijali mwinuko: injini ikiwa ya moto, tegemea kama baa 1 kwenye sailensa na takribani 0.7 kwa kila mizunguko 1,000.