Chaja ndogo ya kutunza betri ya pikipiki: tathmini baada ya miezi minne

Pikipiki yangu hukaa barazani wiki tatu au nne kila ninaposafiri kikazi, na kwa muda mrefu nilizoea kurudi na kukuta starta inatoa mlio mkavu tu, kwa kuwa betri ya risasi na asidi hupoteza chaji hata isipotumika, na joto la Dar es Salaam huharakisha upotevu huo.

Chaja niliyonunua ni ya volti 12 na ampea 1, kiwango kinachoifaa betri yangu ya ampea-saa 9 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi). Hupandisha volti hadi takriban 14.4, kisha betri ikijaa hushuka yenyewe na kuishikilia kwenye 13.6, jambo ambalo chaja kubwa ya gereji niliyokuwa nikiazima haikuliweza. Ile iliichemsha betri mpaka maji yakapungua. Niliporudi safari ya mwisho niliichomoa jioni, nikapima betri asubuhi na kupata volti 12.8, yaani bado imejaa, na injini ikawaka kwa mguso mmoja. Umeme ulikuwa umekatika mara kadhaa nisipokuwepo, lakini chaja iliendelea na kazi kila uliporudi.

Vibanio vyake ndivyo vilivyoniudhi: springi ni legevu, na kimoja kilichomoka nilipogusa waya kwa kiwiko, kwa hiyo sasa ninatumia waya wenye pete unaofungwa kwa skrubu kwenye betri. Tena, haifufui betri iliyokufa; betri yangu ya zamani, iliyoshuka hadi volti 8, chaja hii iliikataa kabisa.