Buti za Laki Tisa: Red Wing Iron Ranger, Ununue au Uache?

Sogeza kamera. Sogea tena, hapo hapo. Wadau, mnauona huu uzi mweupe unaozunguka kiatu pembeni, juu kidogo ya soli? Kwa sababu ya huu uzi, buti hii kule Marekani inauzwa karibu dola 350, na video ya leo karibu yote ni ya huu uzi. Karibuni sana kwenye chaneli. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, jiunge, bonyeza kengele, halafu tulia na mimi, maana leo kuna kitu nataka ukione kwa macho yako.

Hii ni Red Wing Iron Ranger, ile ya kahawia, namba 8111. Urefu, uzito, rangi zilizopo, hayo yote yapo mtandaoni, sitakumalizia bando. Niseme tu kwamba kampuni ni ya mwaka 1905, inatoka mji unaoitwa Red Wing, jimbo la Minnesota, na ngozi wanatengeneza wenyewe pale pale kwenye kiwanda cha S.B. Foot, ambacho kipo tangu 1872. Mtindo umetokana na buti za wachimba chuma wa kaskazini mwa Minnesota, ndiyo maana pua imewekewa ngozi mara mbili. Nasema ngozi, siyo chuma. Naomba hili lisikike, maana kila nikigusia buti kuna mtu anauliza kama anaweza kuendea saiti. Hapana. Tofali likidondoka hapa, vidole vyako vimekwenda. Mtu wa saiti anunue buti yenye chuma puani, hata ya bei ya chini, na hii aachane nayo kabisa.

Haya, tuje kwenye uzi.

Viatu vingi tunavyonunua mjini, ngozi ya juu inapakwa gundi, soli inapakwa gundi, vinabanwa, basi. Siku gundi ikichoka, kiatu kinaanza kucheka, unampelekea fundi, anapaka gundi nyingine, wiki mbili kinacheka tena. Sasa angalia hii. Huu ukanda mwembamba wa ngozi uliotokeza pembeni, naufuatilia kwa kidole, unaona unatoka upande huu wa kisigino, unapita mbele puani, unarudi upande wa pili? Ngozi ya juu imeshonwa kwenye huu ukanda na kwenye soli ya ndani. Huo ni mshono wa kwanza, na kwa nje huuoni, umejificha humu kwenye kona. Halafu soli ya chini imeshonwa kwenye ukanda huu huu. Huo ni mshono wa pili, ndiyo huu uzi mweupe.

Mishono miwili, na haikutani! Hapo ndipo penye utamu wote. Soli ikilika, fundi anakata huu uzi wa nje tu, anaing'oa soli, anaweka nyingine, anashona tena kwenye ukanda. Ngozi ya juu haiguswi, wala mguu wako hautajua kama kuna kitu kimebadilika. Katikati ya soli ya ndani na ya nje pamejazwa kizibo, ile koki laini, ambayo kadiri unavyovaa inabonyea kwa umbo la wayo wako. Mashine ya kushona hivi aliiendeleza Charles Goodyear mtoto, Marekani, miaka ya 1870, na baba yake ndiye yule aliyegundua jinsi ya kupika mpira kwa salfa. Kampuni ya matairi ya Goodyear ilikuja baadaye sana, 1898, ikachukua jina la mzee kwa heshima.

Sasa ukiwa dukani au kwenye mtumba, utajuaje kama mshono ni wa kweli? Kwa sababu wapo wanaotengeneza ukanda wa plastiki, wanaupitisha uzi juu juu kama urembo, halafu chini ni gundi tupu. Hili linanikera kuliko kitu chochote kwenye viatu. Mtu anatoa laki na nusu akiamini amenunua kiatu cha kushonwa, kumbe amenunua picha ya kiatu cha kushonwa.

Fanya hivi. Shika kiatu, kigeuze. Tazama chini, ukingoni mwa soli. Unaona mfereji huu mdogo? Ndani yake kuna uzi. Chukua kucha yako, weka juu ya tundu moja la ukanda, halafu shuka nayo chini. Uzi wa juu na uzi wa chini vinalingana, tundu kwa tundu. Kama juu kuna uzi na chini hakuna kitu, rudisha mezani. Ingawa, nimalizie hapo, ziko soli zilizoshonwa kweli halafu zikabandikwa mpira mwingine chini, zinafunika uzi. Hapo ingiza mkono ndani, nyanyua kile kitandiko cha juu ya soli ya ndani kama kinanyanyuka. Ukikuta uzi unapita ndani kabisa chini ya wayo wako, hiyo ni aina nyingine, imeshonwa moja kwa moja kutoka ndani hadi soli. Siyo mbaya, lakini maji yanapanda kirahisi kwa kufuata yale matundu. Halafu kunja kiatu mbele, pale vidole vinapokunjia. Tazama kona ya ukanda na ngozi. Kwenye cha gundi utaona mwanya mwembamba unafunguka na kufunga. Hiki nakikunja, tazama, hakuna mwanya. Nakunja tena. Hakuna.

Na kwa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar, soli yenyewe ni habari nyingine. Ziko buti zenye soli nyepesi, laini, tamu ukizivaa dukani, za ile plastiki inayoitwa poliurethani. Ile inakunywa unyevu wa hewani na inavunjika yenyewe taratibu, hata kama kiatu umekiweka kwenye boksi hujakivaa. Mnazijua hizi: mtu ametunza viatu vyake kabatini, anavitoa siku ya harusi, anatembea ukumbini anaacha makombo meusi nyuma yake. Siyo kwamba vimeliwa na panya, ni joto na unyevu wa pwani. Iron Ranger za sasa zina soli ya mpira ya Vibram, kampuni ya Italia, na mpira wa namna hii hauozi kwa mtindo huo. Kwa hiyo ukiulizia buti ya kudumu pwani, kabla hata ya ngozi uliza soli ni ya nini.

Kidogo nitoke nje. Kuna wadau wameomba nizilinganishe na Timberland ya njano, ile ya tangu 1973. Ni buti nzuri, maji haiingizi, na inavalika siku ya kwanza bila malengelenge, jambo ambalo Iron Ranger haliwezi hata kidogo. Lakini soli yake imeunganishwa na ngozi moja kwa moja kiwandani, haikuundwa ibadilishwe. Dr. Martens 1460, iliyotoka tarehe 1 Aprili 1960, ndiyo maana inaitwa 1460, ina ule ukanda na uzi wa njano, ila soli imeyeyushwa kwa moto ikashikana na ukanda, kwa hiyo kuitoa ni kazi ya fundi anayejua anachofanya. Halafu iko Thursday Captain, inashonwa Mexico, mshono wake ni huu huu, na bei ni dola mia mbili hivi. Ukiniuliza mtu anayetaka mshono tu bila jina, nitamwambia aanzie hapo. Ngozi yake nyembamba zaidi, inavalika haraka zaidi.

Sasa hela. Dola 350 ni karibu laki tisa ya Kitanzania, na hapo hujalipa usafiri, ushuru wa forodha, wala VAT ya asilimia 18. Utasikia watu wanasema buti ghali ndiyo rahisi, kwa sababu unanunua mara moja. Tupige hesabu hapa hapa. Tuseme unanunua buti ya elfu themanini, inakufa kila mwaka. Laki tisa ni miaka kumi na moja ya hizo buti. Kumi na moja! Na katika hiyo miaka, Iron Ranger yako itabadilishwa soli zaidi ya mara moja, kila mara unalipa. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba kwa kununua hii mpya unaokoa pesa. Kwa bei hii, kwa kipato cha wengi wetu, huokoi. Unanunua kwa sababu unaipenda, unataka ngozi ambayo ikizeeka inapendeza, na pesa yenyewe unayo. Hiyo ni sababu halali, nami nazipenda sana hizi buti. Ila tuitaje sababu kwa jina lake.

Wadau wa Minnesota, na najua mko wengi, Wakenya hasa, nyie hesabu yenu ni tofauti. Hamna usafiri wala forodha, duka liko barabarani, na Red Wing wenyewe wanapokea buti zao kuzibadilisha soli. Nyie nunueni.

Sisi huku njia yetu ni mtumba. Nasema kwa moyo mweupe: nenda soko la Karume, Dar, asubuhi, siku ya kufungua mabelo, ukiwa na kile nilichokuonyesha cha kucha na mfereji. Muuzaji anapanga bei kwa jina na kwa mng'aro, hapangi kwa mshono. Buti ya kushonwa yenye soli iliyolika na ngozi iliyofifia inawekwa kundi moja na takataka. Kagua ngozi pale inapokunjia: ikiwa na mikunjo tu, safi, ikiwa na nyufa zinazoonyesha nyuzinyuzi za ndani, acha, ufa wa ngozi hautibiki. Soli iliyolika isikutishe kabisa.

Halafu fundi. Jamani, mafundi wetu wa chini ya mwembe wanashona soli kwa mkono kila siku, kwa ile sindano yenye mpini na uzi uliopakwa nta. Ujuzi tayari upo! Tatizo ni kwamba wamezoea kutoboa ngozi ya juu, kwa sababu viatu vingi wanavyoletewa havina ukanda. Niliwahi kumwachia fundi mmoja buti ya kushonwa nikaenda zangu kula, narudi nakuta ametoboa matundu mapya ngozini kuizunguka buti yote. Ile buti ilianza kuchanika kwa kufuata yale matundu. Kwa hiyo kaa pale, usiondoke. Mwambie, fundi, pita kwenye ukanda, tumia matundu yale yale ya zamani. Mwonyeshe kwa kidole. Na soli usiogope ya tairi. Wamasai wanatembelea katambuga za tairi kwenye miba na mawe, ni nzito, ni ngumu kidogo mguuni, lakini kwenye ukanda wa ngozi inashonwa vizuri sana.

Hili la ngozi linanigusa. Nchi hii ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Kiwanda cha Karanga pale Moshi, cha Magereza na PSSSF, ule mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kinatengeneza viatu vya ngozi hapa hapa nyumbani. Ombi langu kwa yeyote mwenye kiwanda anayetazama: tutengenezeeni buti yenye ukanda wa kushonwa, soli ya mpira, mwuze laki mbili. Nitainunua siku ya kwanza na nitaitangaza bure kwenye chaneli hii.

Kuhusu kuvaa. Siku za mwanzo zinauma, sitawaficha. Ngozi ya kisigino ni kavu kama ubao, na soli ya ndani bado haijakujua. Vaa soksi nene, vaa ndani ya nyumba saa moja mbili, vua. Usizivae kwenda kazini siku ya kwanza, utarudi umezibeba mkononi. Ukilowa mvua, jaza magazeti ndani, weka kivulini penye upepo. Juani hapana, karibu na jiko hapana kabisa, ngozi inakauka inapasuka. Na msipige kiwi kila asubuhi kama viatu vya shule. Hii ngozi imenyweshwa mafuta kiwandani, inataka brashi kutoa vumbi na mafuta kidogo ya ngozi pale unapoiona imekauka. Kidogo. Ukiimwagia, inageuka nyeusi na kulegea. Kwa watu wa pwani, ukungu ukiota, futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, anika kivulini, na acheni kuzifungia kwenye mfuko wa nailoni.

Jumamosi nitakuwa mubashara, leteni viatu vyenu mbele ya kamera tukague mishono pamoja, na wiki ijayo ni zamu ya buti za bodaboda, zile zinazoliwa na gia upande wa kushoto. Na kabla hamjauliza kwenye komenti: saizi zinakuja kubwa. Kama raba unavaa 43, hizi anza kujaribu 42.