Viti Maalum Bungeni: nyota tatu kati ya tano

Kwa kazi moja, kuwaingiza wanawake bungeni Dodoma, Viti Maalum, yaani viti vya wabunge wanawake wasiogombea jimbo, havina mpinzani. Mwaka 1985 vilikuwa 15. Uchaguzi wa 2015 na wa 2020 vilikuwa 113. Katiba inataka visipungue asilimia 30 ya wabunge wengine. Hapo nyota zote tano.

Tatizo ni namna vinavyopatikana. Kwenye karatasi ya kura jina la mbunge wa viti maalum halimo. Unamtia tiki mgombea wa jimbo, kisha kura hiyohiyo inahesabiwa tena kitaifa kugawa viti kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge. Ni za ubunge, si za urais, na wengi huchanganya hapa. Kwa hiyo mgombea wako akibwagwa jimboni, kura yako bado inaweza kumpeleka mwanamke wa chama chake bungeni. Faida hii vyama vyenyewe huisahau majukwaani.

Nani ataingia? Orodha ndiyo inayoamua. Chama kinaipelekea Tume ya Uchaguzi majina yakiwa yamepangwa kwa mpangilio. Kikigawiwa viti 19, wanaapishwa 19 wa juu na wa 20 anasubiri. Ndiyo maana vita halisi viko kwenye vikao vya chama, miongoni mwa wajumbe wachache, na ndiko rushwa inakopenyea kwa urahisi: kumshawishi mjumbe mmoja ni rahisi kuliko kata nzima. Mwaka 2020 wanawake 19 waliapishwa kwa viti vya CHADEMA, chama cha upinzani, nacho kikakana kuwateua na kuwavua uanachama, nao wakaendelea kukaa bungeni. Mpigakura hakuwa na pa kushika.

Huduma yenyewe ina mapungufu pia. Mfuko wa maendeleo ya jimbo uko kwa mbunge wa jimbo. Waziri Mkuu lazima atoke jimboni. Kiti kikibaki wazi hakuna uchaguzi mdogo, anapandishwa anayefuata kwenye orodha.

Kenya walifanya vizuri zaidi hapa: kila kaunti kati ya 47 ina mwakilishi wa wanawake mwenye karatasi yake ya kura, na asiporidhisha, wananchi wenyewe wanamng'oa.

Mwanamke anayetaka nafasi hii Tanzania asihesabu mabango. Ahesabu wajumbe, ajue nafasi ya mkoa wake kwenye orodha, na aulize mapema kanuni za chama zinaruhusu vipindi vingapi.