Bodi Kuukuu ya Grasshopper na Kopo la Rangi la Dukani: Vinapatana?

Karibuni wadau. Tupo Mwanga, Kigoma, na hapa mezani kuna bodi ya Tamiya Grasshopper, gari la rimoti la kipimo cha 1/10 lililotoka Japani mwaka 1984. Imegeuka rangi ya njano, ina ufa puani, na juu yake kuna rangi nzito ya brashi. Bidhaa tunayoichambua ni hili kopo la rangi ya kupuliza, akriliki ya magari, mililita 400, ambalo maduka ya spea na ya vifaa vya ujenzi wanalo. Swali: linaifaa bodi hii, au mpaka uagize makopo madogo ya mililita 100 ya Tamiya? Makopo hayo ni mazuri mno, lakini kopo la kupuliza ni mzigo wa hatari, huwezi kulituma kama kifurushi cha kawaida cha ndege.

Linafaa. Lakini ijue plastiki yako kwanza. Bodi ya Grasshopper ni plastiki ngumu ya ABS, inapakwa rangi kwa nje. Mwenye Frog, gari jingine la rimoti la Tamiya la mwaka 1983, bodi yako ni polikaboneti nyembamba inayopitisha mwanga, rangi yake inapakwa kwa ndani, na inataka rangi maalumu ya polikaboneti, ile Tamiya wanayoiandika PS. Hili kopo ukilipulizia kwenye Frog, siku gari likigonga jiwe rangi inabanduka kama ganda la kitunguu. Na kinyume chake pia: rangi ya PS ukiipiga kwenye ABS, inaila plastiki.

Rangi ya zamani, naomba msiitoe kwa thina. Thina, petroli na asetoni zinalainisha ABS, ile mistari midogo ya bodi inafutika na hairudi. Nenda duka la dawa ukachukue alkoholi ya isopropili ya asilimia 70. Loweka bodi kwenye beseni lenye mfuniko saa sita hadi kumi na mbili, mbali na jiko, kisha sugua kwa mswaki. Pakigoma, usiongeze nguvu, loweka tena. Rangi ya mafuta ya miaka mingi huenda isitoke yote. Inayobaki iondoe kwa msasa wa maji namba 400. Stika zilizoganda zipashe kwa draya ya nywele, na gundi inayobaki ifute kwa mafuta ya kupikia, halafu osha kwa sabuni ya vyombo.

Sasa njooni karibu mwone huu ufa. Unaanzia ukingoni, unaingia ndani kama sentimita tatu, na mwisho wake umekuwa mweupe. Ule weupe ndio plastiki iliyochoka. Toboa tundu la milimita 1.5 pale ufa unapoishia, la sivyo utaendelea kutembea chini ya rangi mpya. Supa gluu peke yake haitoshi hapa. Ikikauka ni ngumu kama kioo na haivumilii mtikisiko.

Gundi inayofaa tunatengeneza wenyewe. Tafuta vipande vya ABS: kasha la kompyuta bovu au plastiki ya pikipiki iliyovunjika, lakini geuza usome nyuma. Pakiandikwa >ABS<, chukua. Pakiandikwa >PP<, acha, hiyo haiyeyuki. Katakata vipande vidogo, weka kwenye chupa ya kioo, mimina asetoni hadi ivifunike, funga, acha siku nzima. Ukikoroga iwe kama asali. Ikiwa maji maji, ongeza plastiki; asetoni ikizidi bodi italegea na kupinda.

Banisha ufa kwa nje kwa utepe wa karatasi wenye gundi (masking tape). Kwa ndani paka gundi yako, lazia kipande cha gozi ya hospitali, paka tena tabaka jembamba. Subiri saa 24, geuza, jaza mfereji wa nje. Halafu subiri tena saa 48 kabla ya msasa. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika! Asetoni inatoka polepole na gundi inasinyaa. Ukipiga msasa mapema utaona pako sawa, ukapaka rangi, na baada ya wiki mshono unabonyea tena juu ya rangi nzuri kabisa.

Unjano usikusumbue kama unapaka rangi. Peroksidi ya saluni ya asilimia 12 na jua hurudisha weupe, lakini haiongezi uimara.

Tuje kwenye kopo lenyewe. Msasa wa maji namba 800, osha, kausha, piga praima ya plastiki mara mbili. Tikisa kopo dakika mbili baada ya kusikia gololi ikigonga. Simama sentimita 20 hadi 25, anza kupuliza nje ya bodi na umalizie nje ya bodi. Piga mikono, yaani tabaka, mitatu minne myepesi, dakika kumi katikati. Udhaifu wa kopo hili ni pua yake: inatoa rangi nyingi kwa mara moja na wakati mwingine inatema matone, kwa hiyo ifute kila baada ya mkono mmoja. Ukiwa na haraka, rangi inachuruzika kwenye kona za pua, na kiyeyushi kilicho kwenye rangi kitailainisha plastiki kabla rangi haijakauka.

Masika ya Kigoma hewa ina maji, na rangi inaota ukungu mweupe. Subiri siku kavu, pulizia mkono mwembamba juu yake, mara nyingi ukungu unaondoka. Kiangazi adui ni vumbi, na ndugu zetu wa Tabora wanalijua hilo: mwagia sakafu maji kabla ya kuanza.

Klia, ile rangi angavu ya juu ya kulinda, ya akriliki ya kopo inatosha kwa bodi ya kabatini. Gari la kukimbizwa linataka klia ya kuchanganya na hadina (kigumishi), ila mvuke wake una isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, na barakoa ya kitambaa haiuzuii. Mpelekee fundi rangi mwenye kifaa sahihi.

Kwa rangi yenyewe nalipatia kopo hili alama nane kati ya kumi. Mbili zimeondoka kwa sababu ya ile pua. Lakini kama bodi yako imepoteza kipande kizima, au ukiibonyeza kidogo inaota weupe kila mahali, usiipotezee rangi. Grasshopper ilitolewa upya mwaka 2005, na bodi mpya ya ABS inaagizika. Hii yetu bado ina uhai. Iache siku saba kabla ya kubandika stika, na siku hiyo weka matone mawili ya sabuni kwenye maji nusu lita, lowanisha bodi, telezesha stika hadi ikae, kisha sukuma maji kutoka katikati kwenda pembeni.